Buni Aliyoimeza Bukuku

Wachezaji wa Shadow of the Colossus, mchezo wa PlayStation 2 uliotoka mwaka 2005, bado wanabishana kama Wander, mhusika wake mkuu, ana hatia. Aliua majitu 16 ili msichana aliyekufa arudishiwe uhai, na mwisho wake ukawa mchungu. Kwangu jambo hilo halina utata: sauti ya roho iitwayo Dormin ilimwonya mapema kwamba gharama huenda ikawa kubwa, naye akasema haidhuru. Kipimo hichohicho, yaani kama mtu alichagua mwenyewe, kinatufaa kwa kisa kikubwa zaidi, kinachosimuliwa Bunyoro, Toro na Ankole, nchini Uganda: kisa cha Mfalme Isaza na Nyamiyonga, mtawala wa kuzimu, ambacho John Nyakatura alikichapisha kwa Kinyoro mwaka 1947. Wapo wanaosema kisa hiki kina nyufa, na kwamba aliyeharibu mambo ni Bukuku, bawabu wa mfalme. Nadhani wanakosea kote kuwili.

Ufa wa kwanza wanaoutaja ni huu: Nyamiyonga alijuaje kwamba amedanganywa? Alimwomba Isaza wachanjiane, yaani wawe ndugu wa damu. Ukipasua tunda la kahawa unakuta buni mbili zimelala kifua kwa kifua. Zinapakwa damu, kila mmoja anameza ya mwenzake. Isaza akaogopa, akamtoa Bukuku achanjwe na kumeza kwa niaba yake. Jibu limo katika neno lenyewe. Wanyankole wa Mbarara huita tendo hilo okunywana. Wanyarwanda walioko kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Isingiro, husema kunywana. Na Mswahili yeyote anasikia humo kunywa. Hakuna anywaye kwa tumbo la mwingine. Nyamiyonga alikuwa na damu ya bawabu ndani ya mwili wake, kwa hiyo msimulizi hakuhitaji kumleta jasusi wa kumpasha habari.

Ufa wa pili unaonekana mzito zaidi: mfalme mwenye akili anafuataje ng'ombe hadi kuzimu? Hapa ndipo ufundi wa kisa unaponivutia, kwa sababu maandalizi yalifanyika mapema mno, mahali ambapo msikilizaji anadhani anaburudishwa tu. Kabla ya habari ya damu, Nyamiyonga alituma mafumbo, na mojawapo liliuliza ni kitu gani kinachomfanya Isaza ageuke nyuma. Jibu lilikuwa ndama: alipolia, mfalme akageuza shingo. Baadaye Nyamata, binti wa Nyamiyonga, akaolewa na Isaza, akathibitisha kwamba mumewe anapenda ng'ombe kuliko yeye. Baada ya hapo fahali na ng'ombe wa kuzimu walipotumwa juu, na Bihogo, kipenzi cha mfalme, akaondoka nao, Isaza alifanya lilelile alilolifanya siku ya ndama. Shingo ilianza, miguu ikafuata.

Na Bukuku? Pingamizi lenye nguvu ni kwamba alikalia kiti kisicho chake, kisha, kwa kuogopa utabiri kwamba mjukuu atamuua, akamtoboa jicho bintiye Nyinamwiru. Ukatili huo ni wake na simtetei hata chembe. Lakini ulikuja baadaye, na kosa la baadaye haliwezi kuwa chanzo cha lililotangulia. Bawabu hakuomba kumeza buni, aliamriwa. Tena aliyemwachia makao Isaza alipoondoka ni Isaza mwenyewe, na hapo kisa kinafunga fundo lake: aliyemeza badala ya mfalme ndiye anayekalia badala ya mfalme. Wanaoona ajabu bawabu kutawala wamesahau kwamba alishakuwa mfalme siku ile ya damu.

Kuna tofauti moja kati ya Isaza na Wander ambayo haina budi kukubaliwa. Mchezaji wa Shadow of the Colossus hana njia ya kukataa. Asipoua, mchezo hausogei, ndiyo maana wengine humsamehe. Isaza alikuwa na njia tatu: ameze, akatae waziwazi, au adanganye. Alichagua ya tatu, na hatia ni yake. Kwa hiyo kijana wa Mbarara au Nakivale atakayekigeuza kisa hiki kuwa mchezo wa kompyuta asianze na ng'ombe wala kuzimu. Amwekee mchezaji buni yenye damu kiganjani, Bukuku akiwa amesimama mlangoni, na amwache achague mwenyewe.