Ju ya Feza au Juu ya Fedha? Santuri za Sintesaiza Zilizotolewa Upya na Kiswahili cha Katanga

1. Utangulizi

Kwa muda sasa kampuni za muziki za Ulaya na Marekani zimekuwa zikitoa upya santuri za miaka ya 1970 na 1980 zilizotegemea sintesaiza, yaani vinanda na mitambo inayozaa sauti kwa umeme. Bara la Afrika nalo limepata sehemu yake. Mwaka 2011 ulitoka mkusanyo wa nyimbo za kielektroniki za Francis Bebey wa Kameruni, na mwaka 2013 ule wa William Onyeabor wa Nijeria. Mikusanyo hiyo miwili imesifiwa kwa haki, wala hatukusudii kurudia sifa zake hapa.

Santuri inayotuhusu sisi, wasomi wa Kiswahili, ni nyingine. Nayo ni Noir et Blanc, iliyotolewa mwaka 1983 na kampuni ya Crammed Discs ya Brussels, na kutolewa upya na kampuni hiyohiyo mwaka 2017. Waliohusika ni Hector Zazou, mtungaji Mfaransa aliyezaliwa Algeria mwaka 1948 na kufariki mwaka 2008. Bony Bikaye, mwimbaji wa nchi yetu, wakati huo ikiitwa Zaire. Na CY1, yaani Claude Micheli na Guillaume Loizillon, mafundi wa sintesaiza. Miongoni mwa wageni wao walikuwamo Fred Frith, Marc Hollander na Vincent Kenis. Katika orodha ya nyimbo zake yamo majina mawili ambayo mtu yeyote wa Kolwezi au Kasaji atayatambua mara moja: "Dju Ya Feza" na "Munipe Wa Kati".

Makala haya yana dai moja. Toleo jipya la santuri ni kazi ya uhariri kama lilivyo toleo jipya la kitabu, na lipimwe kwa kipimo hichohicho. Kusafisha sauti ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuyasoma maneno.

2. Sauti yenyewe

Yafaa kwanza tuseme kwa nini albamu hii inastahili kuwekwa kabatini, kwani kama ingekuwa dhaifu kimuziki tusingekuwa na sababu ya kuhangaikia tahajia yake. Mwaka 1983 muziki wa dansi wa Zaire ulitawaliwa na magitaa. Wimbo ulianza polepole, maneno yakasikika, kisha magitaa yakachangamka na wachezaji wakapewa uwanja wao. Noir et Blanc inauacha mpango huo kabisa. Mtambo unarudia mlolongo wa sauti chache bila kuchoka, na juu yake sauti ya binadamu ndiyo inayotembea: inajibizana na nafsi yake, inakaza silabi, inailegeza, inaingia kabla ya pigo au baada yake.

Wasikilizaji wa Ulaya waliozoea muziki ulioitwa Wimbi Jipya walikuwa wamekwisha kuzoea mapigo ya namna hiyo. Tofauti ni kwamba katika bendi nyingi za mtindo ule mwimbaji aliufuata mtambo, akaimba kwa ubaridi kama mashine. Hapa mwimbaji anakataa. Ubishi huo kati ya mtambo usiobadilika na sauti isiyotulia ndio uhai wa kazi hii, na ndio sababu haijazeeka kama santuri nyingi za wakati wake. Matokeo yake kwa mhakiki wa lugha ni dhahiri: sauti ndiyo inayobeba wimbo, na sauti hiyo inasema maneno.

Zazou na Bikaye waliendelea kufanya kazi pamoja bila CY1. Mr. Manager ilitoka mwaka 1985, ikapata toleo jipya lililoongezwa mwaka 2020, Guilty! ikafuata mwaka 1988. Hizo zinaelekea zaidi kwenye ukumbi wa dansi. Zinafurahisha, lakini mwenye fedha ya kununua moja tu na aanze na ile ya 1983.

3. Majina mawili na tahajia yake

Tuanze na "Dju Ya Feza". Herufi dj ni alama ya mkono uliofundishwa kuandika kwa Kifaransa. Katika Kifaransa herufi j peke yake huwakilisha sauti nyingine, ile inayosikika mwanzoni mwa neno jour. Ili kuipata sauti yetu mwandishi huitanguliza kwa d. Irabu ni moja badala ya mbili, na hilo si kosa la mpiga chapa: katika matamshi ya Katanga urefu wa irabu ya juu mara nyingi hupotea. Feza nayo ni fedha ya Kiswahili sanifu, ambapo dh imekuwa z, kama inavyotokea katika vinywa vya wengi wetu.

Mhariri mwenye nia njema angeweza kusahihisha na kuandika "Juu ya Fedha". Hapo ndipo hatari ilipo. Msomaji wa Dar es Salaam au wa Mombasa akiliona jina hilo ataelewa ama kitu kilichowekwa juu ya fedha, ama mazungumzo kuhusu fedha. Katika Kiswahili cha Katanga ju ya hutaja sababu. Tunapouliza "ju ya nini?" tunauliza "kwa nini?" Basi "Dju Ya Feza" ni "kwa sababu ya fedha". Jina hilo halitangazi mada. Linatoa lawama, au pengine udhuru. Kusahihisha herufi tatu kungegeuza sababu kuwa mada, na wimbo ungeingia masikioni mwa msikilizaji kwa mlango usio wake.

Jina la pili lina tatizo la namna nyingine. "Munipe Wa Kati", likisomwa kama lilivyochapwa, humpeleka msomaji kwenye kitu "cha kati", kilicho katikati. Mimi nalisoma "munipe wakati", yaani nipeni muda. Kiambishi mu- hapa ni cha nafsi ya pili wingi, kikiwa na irabu yake kamili ambayo Kiswahili sanifu kimeidondosha na kubaki na m-. Na kwetu wingi huo haulazimu kuelekezwa kwa watu wengi. Huweza kuelekezwa kwa mtu mmoja anayeheshimiwa, mzee au mkubwa wa kazi. Kwa hiyo nafasi moja tupu kati ya wa na kati inaficha ombi zima, pamoja na adabu iliyomo ndani yake.

Tukumbuke pia kwamba katika orodha hiyo majina haya yamekaa bega kwa bega na "Lamuka" na "Keba", ambayo ni Kilingala: amka, na jihadhari. "M'Pasi Ya M'Pamba", mateso ya bure, lina maneno ambayo Kilingala na Kikongo vinashirikiana, na limetiwa alama za kukata zilizoletwa na desturi ya Kifaransa. Neno dogo ya linapita katika lugha hizi kama abiria asiyeulizwa tikiti. Kwa asiyezijua, orodha nzima inaonekana kuwa lugha moja ya "Kiafrika". Kwetu ni ramani ya nchi.

4. Toleo jipya lilipaswa kufanya nini?

Mwaka 2017, miaka 34 baada ya toleo la kwanza, majina haya yalichapwa tena yalivyokuwa. Je, hilo ni kosa? Jibu langu ni kwamba kuyaacha ni sawa, ila kuyaacha bila kuyasoma ni upungufu.

Kielelezo cha uhariri bora tunacho hapahapa Katanga. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya Elisabethville kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani mjini humo. Tahajia yake ni huru kabisa: maneno yameunganishwa pasipotazamiwa na kutenganishwa pasipotazamiwa, kama vile "wa kati" ya Bikaye. Johannes Fabian alipoichapisha kazi hiyo mwaka 1990 hakuisahihisha. Alitoa andiko kama lilivyokuwa. Akamwomba Kalundi Mango alisome kwa sauti, ili andiko lirudi kinywani lilikotoka. Kisha akaongeza tafsiri na maelezo. Hatua hizo ni tatu: kulinda, kusoma na kufasiri. Hakuna hatua iliyoifuta nyingine.

Santuri ina bahati kuliko kijitabu kile, kwa kuwa sauti tayari imo ndani yake. Kinachotakiwa ni mtu mmoja anayekijua Kiswahili cha kwetu na ukurasa mmoja wa karatasi. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ile ya kusafisha kanda za zamani.

Mtu aweza kupinga na kusema kwamba muziki wa namna hii haukukusudiwa ueleweke. Kwamba kwa wapenzi wa Wimbi Jipya neno ni sauti tu miongoni mwa sauti. Pingamizi hilo lina uzito kwa upande wa msikilizaji wa Brussels. Lakini mwenye kuimba hakuchagua silabi tupu. Alichagua sentensi yenye kiambishi cha nafsi, kitendwa na dhamira ya kuomba. Haki ya kutoelewa ni ya msikilizaji. Mhariri hana haki hiyo.

5. Mikusanyo mingine miwili kwa kulinganisha

Kampuni ya Crammed yenyewe imeonyesha njia nyingine. Mwaka 2011 ilitoa The Karindula Sessions, mkusanyo uliorekodiwa Lubumbashi na Vincent Kenis, yuleyule aliyekuwamo katika Noir et Blanc. Karindula ni banjo kubwa ambalo mwili wake ni pipa lililowambwa ngozi ya mbuzi. Mkusanyo huo una diski ya sauti pamoja na filamu, na filamu hiyo inafanya kazi ya maelezo: tunaona nani anaimba, nani anajibu, nani anacheka na kwa neno gani. Maneno yamerudishwa mahali pake, hata pale ambapo hayakuandikwa.

Mkusanyo wa pili unaturudisha nyuma zaidi. Ni Origins of Guitar Music, uliotolewa na kampuni ya SWP ya Uholanzi kutokana na kanda ambazo Hugh Tracey alizirekodi kusini mwa Kongo na kaskazini mwa Zambia kati ya 1950 na 1958. Humo yumo Mwenda Jean-Bosco, ambaye Tracey alimrekodi Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952. Mtu anaweza kuwa na mengi ya kusema dhidi ya utaratibu wa kikoloni wa kurekodi. Hata hivyo desturi ya Tracey ya kuorodhesha kila wimbo pamoja na lugha yake na mahali ulipoimbwa ni adabu ambayo santuri za kisasa za majaribio zingefaa kuiga.

6. Hitimisho: kukusanya kwa watu wa Kasaji

Neno "kukusanya" halina maana moja kila mahali. Kasaji iko kwenye reli itokayo Tenke kupitia Kolwezi na Mutshatsha hadi Dilolo, iliyokamilishwa mwaka 1931. Kiswahili kilifuata njia ya kazi, kikakaa jirani na Kiruund na Kichokwe. Wachache hapa wana mashine ya santuri. Muziki hutufikia ndani ya kadi ndogo za simu, zinazojazwa nyimbo na vijana wa sokoni. Katika safari hiyo jalada hupotea, picha hupotea, majina ya wanamuziki hupotea. Kinachobaki kwenye kioo cha simu ni jina la wimbo tu. Ndiyo maana tahajia ya maneno matatu si jambo dogo kwetu: jina ndilo jalada lote tulilonalo.

Kwa wanaotaka kununua kwa ajili ya maktaba ya idara, pendekezo langu ni hili: Noir et Blanc kwanza, The Karindula Sessions pili, Origins of Guitar Music tatu. Zikisikilizwa kwa mpango huo hutufundisha jinsi Kiswahili cha nchi moja kilivyoimbwa juu ya mtambo, juu ya pipa na juu ya gitaa. Aidha tunawaomba wanafunzi wa mwaka wa tatu wa isimu waziandike nyimbo hizo mbili za Bikaye kwa masikio yao wenyewe, mstari kwa mstari, kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Pale watakapotofautiana ndipo kazi itakapoanza. Karatasi itakayopatikana na itiwe ndani ya jalada la nakala ya maktaba, na juu yake jina liandikwe mara mbili: kwanza kama lilivyochapwa Brussels, kisha kama linavyosomwa hapa.