Mwamba Ngoma na Sira ya Mtume

Wahenga walinena kuwa mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii yamfaa kila asomaye tarikhi za kwanza za Kiislamu, lakini yataka kutumiwa kwa kipimo. Maana wako wahakiki ambao, wakiona alama ya mkono wa utawala katika kitabu, huhukumu mara moja kuwa kitabu chote ni uzushi.

Muhammad Ibn Ishaq, mzaliwa wa Madina, alifariki Baghdad yapata mwaka 767. Yapokewa kuwa sira ya Mtume (S.A.W.) aliikusanya kwa ajili ya Khalifa al-Mansur. Ukoo wa khalifa huyo ulishika utawala mwaka 750, na fahari yake ilikuwa nasaba ya Abbas, ami yake Mtume. Lakini Abbas alitoka pamoja na Makureshi katika vita vya Badri, mwaka 624, akatekwa na Waislamu, akajikomboa kwa fidia. Habari hii haikuwa pambo kwa makhalifa.

Kitabu cha Ibn Ishaq hakikusalia kizima. Wengi hukijua kwa kalamu ya Ibn Hisham, ambaye akiri katika dibaji yake kuwa aliacha baadhi ya mambo, yakiwemo yale ambayo kutajwa kwake kungewaudhi watu fulani. Katika orodha yake ya mateka wa Badri, Bani Hashim waliotajwa ni Aqil na Nawfal, Abbas hayumo. Tena yaelezwa hapo hapo kuwa katika hesabu yuko mtu mmoja ambaye jina lake halikutajwa.

Huenda ikasemwa kuwa jina liliachwa kwa heshima, kwa kuwa Abbas alikuja kusilimu. Hoja hiyo haisimami, kwa sababu Aqil na Nawfal nao walisilimu, na majina yao yamebaki. Tofauti ni moja: wajukuu wa Abbas ndio waliokalia kiti.

Je, utawala ulishinda? La. Al-Tabari, aliyefariki Baghdad mwaka 923, chini ya ukoo ule ule, aliipokea habari hiyo ya Ibn Ishaq kwa njia ya mwanafunzi mwingine, akaiandika: Abbas alitekwa, alidai kuwa alikwisha silimu na kwamba alilazimishwa kutoka, na Mtume hakumsamehe fidia. Kilichofichwa na kalamu moja kilihifadhiwa na nyingine.

Basi nia ya siasa si lazima iwe uongo. Mara nyingi ni ukimya. Na dawa ya ukimya si kuvitupa vitabu, bali ni kuviweka viwili pamoja na kuhesabu majina. Msomaji asiyehesabu hudanganywa na kitabu kimoja. Mhakiki atupaye vyote hujinyima shahidi aliyekuwa tayari kusema.