Zimwi na Mchawi: Hukumu ya Mtazamaji wa Nyamagana juu ya Sinema za Kutisha

Sinema za kutisha huhukumiwa mahali pawili. Pa kwanza ni magazetini, ambapo mhakiki huangalia ustadi wa wapiga picha na wa waigizaji. Pa pili ni sebuleni, ambapo mtazamaji husema yampendezayo na yamchukizayo hata kabla picha haijakwisha. Hukumu hii ya pili haiandikwi, na kwa sababu hiyo hudhaniwa kuwa si uhakiki. Lakini katika nyumba za Nyamagana, tangu Mkuyuni hata Mabatini, maneno yasemwayo mbele ya televisheni yana utaratibu wake, nao wastahili kuchunguzwa.

Jambo la kwanza lionekanalo ni kwamba mtazamaji huyo hazipangi sinema kwa kadiri ya kutisha kwake, bali kwa asili ya kile kitishacho. Kiswahili kimempa maneno mengi ya kupangia: zimwi, jitu, jini, pepo, mzimu, mzuka, msukule. Maneno haya hayashiki nafasi ya mwenziwe. Zimwi hula watu, lakini lina mwili, na mwili waweza kuchomwa mkuki. Msukule hana ubaya wake mwenyewe; ni mtu asadikiwaye kuwa amechukuliwa na mwingine ili amtumikie. Nyuma ya zimwi hapana mtu. Nyuma ya msukule yupo mtu, naye huenda akawa jirani.

Tofauti hii ndiyo ielezayo kwa nini Anaconda, sinema ya Marekani ya mwaka 1997, yaweza kutazamwa kwa kicheko katika nchi ya Wasukuma. Huko kuna chama cha Bayeye, wajuao dawa za sumu ya nyoka na wachezao ngoma na chatu hai mbele ya hadhara. Aliyewaona hao hastaajabii ukubwa wa nyoka peke yake; huuliza nyoka ametumwa na nani. Ikiwa hakutumwa na mtu, hofu hupungua, ikabaki furaha ya kutazama mbio na ujanja. Hata Godzilla ya Wajapani (1954), zimwi lililoamshwa na majaribio ya mabomu, huzidi kueleweka kwa swali hili kuliko kwa kimo chake.

Wasimulizi wa sinema walilitambua jambo hili. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alivuma Tanzania kwa kusimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti za picha zenyewe. Msimulizi wa namna hiyo hafasiri neno kwa neno. Huongeza sababu, methali na mzaha. Dubwana lile lile laweza kuwa zimwi, jini au shetani kinywani mwake, na kila chaguo huleta hadithi nyingine.

Sinema za Kiswahili zilipoanza kutolewa kwa mikanda ya video, kitishacho kiliingia ndani ya nyumba. Mussa Banzi alitoa Nsyuka, yenye jina litokanalo na neno la Kinyakyusa lihusulo wafu, kisha Shumileta (2005), habari ya jini mwanamke ampendaye binadamu. Sifa ya kazi hizo ni kwamba hofu yake ni ya watu wenyewe, si ya kuazima. Lakini katika picha nyingi za aina hiyo zilizofuata umekuwako udhaifu mmoja: mganga hupiga ramli, humtaja mwenye hatia, na kamera humthibitisha kuwa hakukosea. Methali yasema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Picha hizi zafundisha kinyume chake, kwamba akujuaye ndiye akumalizaye.

Katika Kanda ya Ziwa mafundisho hayo si mchezo. Kwa miaka mingi wanawake wazee wa Usukuma wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu, wekundu uletwao na moshi wa kuni na wa mavi ya ng'ombe jikoni. Watu wenye ualbino nao wameuawa na kukatwa viungo. Mwezi Januari 2015 Serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli. Haiwezi kusemwa kwamba sinema ndiyo iliyoleta mauaji, maana ramli ni kongwe kuliko video. Hata hivyo, picha yenye kizee wa macho mekundu na ramli isiyokosea yampa mtazamaji uthibitisho ambao hakuna mahakama iwezayo kuupokea. Mtazamaji aizimaye picha ya namna hiyo mbele ya watoto, akawaachia ile ya nyoka, amekwisha kutoa hukumu ya kihakiki iliyo sahihi.

Wasukuma walikuwa na hadithi ya kutisha kabla ya sinema, nayo ni ya Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote na mifugo yao. Alisalia mwanamke mmoja mja mzito aliyejificha, akamzaa Masala Kulangwa. Kijana alipokua aliliua zimwi, akalipasua tumbo, na waliomezwa wakatoka hai. Lakini katika kupasua alimkata sikio bibi kizee mmoja, naye kwa hasira akataka kulipiza kisasi kwa uchawi. Yako masimulizi ambamo kijana humwomba radhi na kumtibu.

Hadithi hii haikanushi uchawi, wala haimtakasi kizee. Lakini yamwonyesha kuwa ana jeraha, na jeraha hilo limetoka katika kisu cha shujaa mwenyewe. Hilo ndilo lipungualo katika sinema za ramli. Watungaji watakao kuwatisha watu wa Nyamagana hawalazimiki kuuacha uchawi; walazimika kuuliza kizee alikatwa sikio na nani.