Kijani Hiki, Jamani! Mkebe wa Matcha Kutoka Kyoto

Nimeufungua! Ni matcha, chai ya kijani ya unga, aina ya Sayaka kutoka Ippodo, duka la chai la Kyoto lililoanza mwaka 1717, na rangi yake imenifanya nisahau hata kuweka maji jikoni. Kijani kibichi, kikali, kinachong'aa! Unga uliogeukia umanjano au ukahawia umechakaa, au majani yake yalikuwa hafifu tangu shambani. Uache dukani.

Rangi hii hutafutwa kwa jasho. Wiki tatu hivi kabla ya kuchuma, michai hufunikwa isipigwe na jua. Kivulini jani hujaza klorofili, na thianini, ile inayoleta utamu, haiwahi kugeuka katekini yenye ukakasi. Baada ya mvuke na kukaushwa, vikonyo na mishipa huondolewa. Nyama ya jani inayobaki, tencha, ndiyo husagwa. Na jiwe la kusagia halina haraka: gramu 40 hivi kwa saa! Mkebe wangu, wenye uzito huohuo, basi, ni saa nzima ya jiwe kuzunguka. Ndiyo maana unga ni laini kama wanja, na ukiuburuta kwa kidole kwenye karatasi nyeupe unaacha mstari mrefu usiokatika.

Harufu? Mwani, mboga changa zilizopikwa kwa mvuke, kisha utamu fulani unaokuvuta urudishe pua. Ukisikia nyasi kavu, umechelewa.

Gramu 2 nikazichekecha bakulini, nikatia mililita 60 za maji ya nyuzi 80. Sisi wa kuchemsha majani mpaka yafurike, hapa tujizuie: maji yanayotokota huamsha uchungu. Nikachapa mbio kwa chasen, kile kipigio cha mwanzi, povu likapanda, nikanywa. Lo! Utamu bila punje ya sukari! Uchungu unapita mbio, halafu ukolezi wa supu nzito unakaa ulimini, haubanduki.

Bei inauma, sikatai. Na mwaka 2024, mahitaji yalipofurika, Ippodo na wenzao walianza kuwapimia wateja mikebe. Kwa kuchanganya na maziwa au kuokea keki, nunua ya bei nafuu. Kuizamisha hii kwenye sukari ni dhuluma.

Maneno "daraja la sherehe" kwenye pakiti yasikubabaishe, hakuna sheria ya Japani inayoyapima. Mimi hutafuta jina la eneo, Uji au Nishio au Yame, zao la kwanza la mwaka, tarehe iliyo karibu, na kiungo kimoja tu: chai. Pakiti angavu, inayopitisha mwanga, hata siigusi.

Ukishafungua, funga kwa nguvu, weka kwenye friji, umalize ndani ya mwezi mmoja hivi. Wangu, kwa mwendo huu, hautauona mwezi.