Kabla Obo Haijalia

Okestra kubwa za Ulaya na Marekani hutangaza msimu wao miezi mingi kabla ya wakati. Ratiba hutoka, watu wakanunua tiketi, na maonyesho yenyewe yakaanza Septemba hadi Mei au Juni mwaka unaofuata. Wapenzi wa muziki huipekua ratiba hiyo wakitafuta majina ya waongozaji na wapiga fidla mashuhuri. Mpiga obo wa kwanza ana hesabu zake: muziki wa Brahms uko wiki gani, wa Ravel uko wiki gani, na wiki hizo zimeangukia baridi au joto. Akishajua, anarudi mezani kwake kukata matete.

Obo ni ndugu wa zumari letu la pwani. Vyote viwili hulia kwa ulimi wa vipande viwili vyembamba vinavyotetemeka kinywani mwa mpigaji. Mpiga zumari huvimbisha mashavu na kuvuta hewa puani huku sauti ikiendelea bila kukatika. Mwenzake wa obo hukunja midomo juu ya meno na kuubana ulimi kwa upole. Wengi hudhani taabu yake ni kuishiwa pumzi. Ni kinyume: tundu ni dogo mno, hewa haipati pa kutokea, kifua kinabaki kimejaa hewa iliyokwisha kazi. Inambidi aitoe hiyo kwanza ndipo avute nyingine, tena katika nafasi ndogo ambayo mtunzi, pengine bila kufikiri, amemwachia.

Ulimi huo hauuzwi ukiwa tayari kwa mtu wa kiwango hicho. Yaani unauzwa, wanafunzi hununua, lakini wapigaji wengi wa okestra kubwa hujitengenezea wenyewe. Tete lake ni lile kubwa ambalo wataalamu wa mimea huliita Arundo donax, na linalosifika zaidi hutoka jimbo la Var, kusini mwa Ufaransa. Hukatwa wakati wa baridi, likaanikwa juani, likawekwa likauke taratibu. Mpiga obo hulipasua bomba lake vipande vitatu kwa urefu, hutazama kila kipande kama kimenyooka, na kilichopinda hukitupa bila huruma. Kinachobaki hukichonga upande wa ndani hadi unene wa karibu milimita 0.6. Kisha hukiloweka, hukikunja katikati, hukikata umbo, na kukifunga kwa uzi juu ya kijibomba cha chuma. Hapo bado hakilii.

Sasa ndipo kazi inapoanza. Kisu lazima kiwe kikali kweli, na wapo wapigaji wanaotumia muda kwenye kinoo kama wanaoutumia kwenye muziki. Anakwangua kidogo, anaupuliza ulimi peke yake bila obo, anausikiliza unavyowika, anakwangua tena. Ncha hupunguzwa mpaka isifike sehemu moja ya kumi ya milimita, mwanga ukapita. Akizidisha mkwaruzo mmoja, sauti inakuwa nyembamba na ulimi hauna dawa. Akipunguza, unakuwa mgumu na noti za chini hazitoki. Hakuna kipimo kinachomaliza ubishi huo, ni sikio na midomo tu. Na ukishakuwa mzuri, utadumu siku chache za kazi, wiki mbili ukibahatika, kisha unalegea na kazi inaanza upya.

Aliyeugeuza ufundi huu kuwa mtindo mzima ni Marcel Tabuteau, Mfaransa aliyekuwa obo ya kwanza katika okestra ya Philadelphia tangu 1915 hadi 1954. Alikwangua ulimi kwa urefu zaidi kuliko ilivyokuwa desturi ya Ulaya, akiacha uti katikati na madirisha mawili pembeni, na sauti ikawa nzito, yenye giza kidogo. Wanafunzi wake walienea katika okestra za Marekani, na hadi leo sikio lililozoea huweza kutambua obo ya Marekani na ya Ulaya kwa noti chache tu. Binafsi napendelea ile ya Ulaya, lakini nakiri kwamba ya Philadelphia ina utulivu ambao nyingine haina.

Msimu mrefu humtesa mpiga obo kwa namna ambayo wachache jukwaani huijua. Ulimi unaochongwa kwa vipimo vya Oktoba hukauka na kufunga Januari, ukumbi ukipashwa joto. Okestra ikisafiri kwenda mji wa milimani, hewa nyepesi inaharibu hesabu zote. Na yeye ndiye anayetoa noti ya La ambayo okestra nzima hujipangia, mitetemo 440 kwa sekunde, au 442 na 443 kwa nyingi za Ulaya. Hana pa kujificha.

Obo yenyewe nayo haipatikani upesi. Kwa kawaida mwili wake ni wa mpingo, mti mzito unaozama majini, na mpingo mwingi wa ala hizi hutoka Tanzania na Msumbiji. Katika wilaya ya Kilwa vipo vijiji vinavyoumiliki na kuuvuna mti huo kwa utaratibu maalumu katika misitu yao. Unahitaji miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuvunwa.

Kwa hiyo, ukishazijua taabu hizi zote, ratiba ikitoka, itafute konseto ya fidla ya Brahms ya 1878. Sehemu ya pili hufunguka kwa wimbo wa obo, na mpiga fidla husimama akisubiri kwa zaidi ya dakika mbili. Inasimuliwa kwamba mpiga fidla Pablo de Sarasate aliikataa kazi hiyo kwa sababu hiyo hiyo: hakutaka kusimama na fidla mkononi huku obo ikiimba wimbo wote mzuri. Usiponunua tiketi, isikilize redioni. Sarasate alikosea kuikataa, ila kuhusu obo alisikia sawasawa.