Vijarida vya Mashabiki na Chanzo cha Panki

Husemwa mara nyingi ya kuwa vijarida vya mashabiki vilikuwa kioo cha muziki wa panki: muziki ulizaliwa kwanza, kisha vijana walioupenda wakaandika habari zake. Rai hii ni nyepesi mno. Kioo huonyesha kilichopo. Vijarida hivi vilikitaja kitu kabla hakijasimama, vikawaita watu wakifanye, na kilipokwisha kufanywa vikakihukumu. Kazi hizo tatu yafaa zipimwe moja moja.

Kwanza, kutaja. Desturi ya shabiki kujichapia kijarida chake haikuanza na muziki. Ilianza Marekani katika miaka ya 1930, miongoni mwa wasomaji wa hadithi za sayansi, waliopelekeana kurasa zao kwa posta. Katika jamaa hiyo walitoka Paul Williams, aliyeanzisha Crawdaddy mwaka 1966 angali mwanafunzi wa miaka 17, na Greg Shaw, aliyeanzisha Who Put the Bomp mwaka 1970. Shaw na wenzi wake walichoshwa na roki iliyozidi kujitanua kwa madaha, wakazisifu bendi hafifu za vijana za katikati ya miaka ya 1960. Muziki huo ukaitwa panki, neno la dharau, maana yake mhuni asiyefaa kitu. Lenny Kaye, mpiga gitaa wa Patti Smith, alilitumia mwaka 1972 katika maelezo ya mkusanyo wa Nuggets. Januari 1976, John Holmstrom na wenziwe walitoa Punk mjini New York, na jina hilo likawashika wapigaji waliokuwa wakikutana katika klabu ya CBGB. Jina, basi, lilimtangulia mwana.

Pili, kuita. Mark Perry, karani wa benki mjini London, alianza Sniffin' Glue Julai 1976, akiwa amevutwa na Ramones. Toleo la kwanza lilikuwa na nakala kama 50. Maneno yalipigwa taipu, vichwa vikaandikwa kwa kalamu nene, na makosa yakakatwa kwa mstari na kuachwa yaonekane. Sura ya ukurasa ilisema kabla ya maneno kusomwa: hapana jambo hapa ambalo wewe huliwezi. Wito huo ulitimia Januari 1977 katika kijarida kingine, Sideburns, kilichochora mikao mitatu ya vidole juu ya nyuzi za gitaa, kisha kikamwamuru msomaji aunde bendi. Mwezi uo huo Buzzcocks wa Manchester walitoa sahani yao Spiral Scratch wenyewe, kwa gharama ya paundi 500 hivi. Watu wengi hudai ya kuwa mchoro ule ulitoka Sniffin' Glue. Kosa hili lina maana kwa mhakiki: wito uliokwisha kuwa mali ya wote haukumbukwi tena kwa jina la aliyeutoa.

Tatu, kuhukumu. Hapa ndipo penye shutuma nzito. Akipenda, chongo huita kengeza. Je, shabiki aweza kuwa mhakiki? Walakini ni Perry huyo huyo aliyetamka ya kuwa panki ilikufa siku The Clash walipotia sahihi mkataba na CBS, Januari 1977, mkataba uliosemekana kuwa wa paundi 100,000. Mpenzi aliyevunjika moyo ni hakimu mkali kuliko mgeni. Lakini hukumu hiyo haikugusa wimbo hata mmoja. Sahani ya kwanza ya The Clash ilitoka Aprili, na hadi leo huhesabiwa miongoni mwa kazi bora za panki. Ni dhahiri, basi, kwamba kipimo cha vijarida hakikuwa uzuri. Kilikuwa umbali kati ya mpigaji na msikilizaji: ulipopungua, walisifu, ulipozidi, walilaumu.

Kipimo hicho ni chembamba, wala hakitoshi kwa kazi yote ya uhakiki. Mwenye kukitumia peke yake atazipita nyimbo njema kwa sababu ya sahihi iliyotiwa karatasini. Lakini wahakiki wa magazeti makubwa, waliojua kupima uzuri, hawakuuliza kabisa ni nani aliyeruhusiwa kuutunga. Swali hilo vijarida viliuliza, na jibu likawa bendi na vijarida vingine.

Perry mwenyewe hakujiepusha na kipimo chake. Alikifunga Sniffin' Glue mwaka 1977 baada ya matoleo 12, ilhali nakala zilikwisha kufikia maelfu, akawahimiza wasomaji waanzishe vijarida vyao. Yeye alikuwa amekwisha kuunda bendi, Alternative TV.