Wino wa Mwana Kupona: Uungwana, Mamlaka na Sauti ya Mwanamke

Kwa muda mrefu Utendi wa Mwana Kupona umekuwa uwanja wa mabishano baina ya wahakiki. Wako wasemao kwamba utendi huu, uliotungwa yapata mwaka 1858, ni hati ya unyonge wa mwanamke: mama anamfunza binti yake, Mwana Hashima, kumtii mume kiasi cha kuifanya pepo yake itegemee radhi za mume huyo. Wako pia wasiokubali. Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991 kuhusu lugha, ushairi na mamlaka, alishikilia kwamba utendi huu usisomwe kama wito wa utiifu tu. Makala haya hayakusudii kuamua baina ya pande hizo. Yanakusudia kuonyesha kwamba mabishano yenyewe mara nyingi hujengwa juu ya dhana moja isiyohojiwa, nayo ni kwamba anayesema katika utendi ni mwanamke, basi, wala si zaidi ya hayo.

Mwana Kupona binti Msham alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, aliyeongoza upinzani dhidi ya majeshi ya Sayyid Said wa Zanzibar katika miaka ya 1840. Mumewe alifariki mwaka 1856, na katika muongo uliofuata Siyu ikatiwa chini ya Zanzibar. Mashauri haya ya ndoa, basi, yalitolewa katika nyumba iliyofiwa na mkuu wake, na katika mji usiojua kesho yake. Katika nyumba ya namna hiyo adabu ya binti haiwi jambo la chumbani tu. Namna anavyozungumza na wenye cheo, anavyojipamba na anavyomtunza mumewe ni sehemu ya kulisimamisha jina la ukoo. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934, jina la Kiingereza walilolitumia liliuita mawaidha juu ya wajibu wa mke. Jina hilo liliupunguza utendi: siasa ikaachwa nje ya mlango, ndoa ikabaki peke yake.

Mwanzo wa utendi wenyewe unatoa ushahidi. Mama mgonjwa anamwita binti yake aje karibu na wino na karatasi. Ni tendo dogo, lakini limebeba mengi. Katika pwani ya karne ya 19, mwanamke aliyeweza kutunga kwa mizani ya utendi, akawa na binti wa kuandika maneno yake, hakuwa mwanamke yeyote tu. Elimu hiyo iliambatana na dini, nasaba na wasaa. Na wasaa wa mmoja hupatikana kwa kazi ya mwingine. Huyo mwingine naye yumo katika utendi. Mama anamwonya binti yake asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi, wasije wakamtia aibuni. Utendi hautaji jinsia yao. Lakini ukiyafikiria maisha ya ndani ya binti wa kiungwana, ni vigumu kudhani kwamba miongoni mwao hawakuwamo wanawake.

Hapa ndipo penye uzito wa suala. Mwana Kupona anapoukaribia mwisho anawaalika wanawake wote wausome utendi wake. Mwaliko huo unaonekana hauna mpaka. Tena, kwa kuwa tenzi hughanwa, hata mjakazi asiyejua kusoma angeweza kuusikia akiwa kazini. Lakini angejisikia wapi ndani yake? Asingejisikia katika nafsi ya binti anayeusiwa. Angejisikia katika lile kundi ambalo binti anaonywa alikwepe. Nafsi ile ile inayoinama mbele ya mume ndiyo inayosimama juu ya mtumwa, na heshima inayomfunga mke ndiyo inayompa daraja. Mwenye kuhesabu pingu peke yake amesoma nusu ya utendi. Na mwenye kusifu werevu wa mwungwana peke yake amesoma nusu ile nyingine.

Jambo hili lilikwisha kusemwa kwingine. Mwaka 1977 Combahee River Collective, kundi la wanawake weusi wa Boston, Marekani, lilieleza kwamba dhuluma za jinsia, rangi na tabaka hushikamana katika maisha ya mtu mmoja. Na mwaka 1989 Kimberlé Crenshaw akaliingiza wazo la kukutana kwa dhuluma hizo katika uchambuzi wa sheria. Hata hivyo pwani ya Kenya haihitaji kuazima mfano. Katika mwaka huo huo wa 1989 Sarah Mirza na Margaret Strobel walichapisha masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, na mmoja wao, Mishi wa Abdala, alikuwa wa kizazi cha watumwa. Maneno ya Mwana Kupona yalihifadhiwa kwa wino wa nyumbani kwake. Ya Mishi yalingoja wahariri, zaidi ya miaka 80 baada ya hadhi ya utumwa kufutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907.

Haifai kumhukumu mtunzi wa mwaka 1858 kwa mizani ya leo. Mhakiki wa leo, lakini, hana udhuru huo. Anapoufundisha utendi huu kuwa ndio sauti ya mwanamke Mswahili, anaufanya uungwana kuwa kipimo cha Uswahili, na kumtoa kwa mara ya pili yule aliyekwisha kutengwa mara ya kwanza. Uhakiki unaodai kuwatetea wanawake hauna budi kuuliza ni mwanamke yupi anayetetewa, na ni nani aliyekuwa akifanya kazi za nyumba wakati mama na binti wameketi na karatasi yao.